Tepu Haipimi Presha

"Kiuno kimepungua inchi tatu na nusu. Unataka ushahidi gani mwingine?"

"Nyanyua hilo jora la kitambaa, ulifikishe mezani bila kuegemea ukuta."

"Jora na kiuno vinahusiana nini?"

"Mimi sijui. Ninachoona ni mtu anahema kama kafukuzwa na mbwa."

"Mama watoto, tepu haidanganyi. Miaka thelathini inanilisha hii, leo ndiyo ianze kuniongopea?"

"Basi iambie tepu ikunyanyulie jora."

Hao ni baba na mama yangu, saa mbili asubuhi, chumba cha kushonea. Baba kajifunga tepu kiunoni, mama kashika pasi ya moto, na mimi nimesimama katikati na mkasi nangoja mmoja ashinde ili nikate kitambaa. Hakushinda mtu. Jora nililibeba mimi.

Ndugu zangu, majirani zangu, na hasa nyie mnaotumiana ujumbe wa afya kabla hata hamjapiga mswaki, hebu tulieni niwasimulie. Nyumba yetu haikuwa na makelele hayo. Chini ni karakana, juu tunalala. Cherehani tatu, meza moja ndefu ya kukatia, dirisha kubwa linatazama zahanati ng'ambo ya barabara. Baba anashona huku anaimba, na anaimba vibaya, lakini cherehani inamfunika. Mama anapiga pasi na kutia vifungo. Mimi nakata. Mtu akiingia na nguo ya kurekebisha anapewa kiti, anapewa stori, anaondoka anacheka. Hayo ndiyo maisha yetu, na nilikuwa nayapenda.

Halafu akaingia Redio.

Redio ni shangazi yangu, dada yake baba. Anauza mapazia mlango wa pili. Tunamwita Redio kwa sababu akianza kuongea hana pa kuzimwa. Yeye mwenyewe jina analipenda, ukimwita shangazi tu anauliza kama umemkasirikia.

Siku hiyo kaja na simu kaishika juu kama tiketi.

"Kaka, nimegundua kinachotuua."

"Mapazia yako," mama akasema.

"Wifi, leo sitanii. Sikiliza kaka. Sukari ikoje rangi?"

"Nyeupe," baba akajibu.

"Mbaya au nzuri?"

"Mbaya."

"Chumvi?"

"Nyeupe. Ukizidisha mbaya."

"Unga uliokobolewa?"

"Mweupe."

"Sasa unaona?"

"Naona nini?"

"Weupe, kaka. Weupe ndiyo sumu. Mimi nimeacha kila kitu cheupe toka mwezi wa tatu. Magoti yangu unayakumbuka yalivyokuwa yanalia? Tazama sasa." Akachuchumaa, akainuka, akachuchumaa tena, pale pale katikati ya vipande vya vitambaa. Wateja wawili wakapiga makofi.

Baba ana presha. Aliambiwa miaka miwili iliyopita pale zahanati, akapewa vidonge, kimoja kila asubuhi. Presha mnaijua, damu inasukuma mishipa kwa nguvu kuliko inavyotakiwa, mpaka siku mshipa unachoka. Mtu akiwa na kitu kama hicho ndani ya mwili wake anatafuta mlango wa kutokea. Redio akamfungulia.

Wiki ya kwanza ikaondoka sukari, na chumvi ikapunguzwa. Mama akafurahi, maana alishasema hayo mpaka kachoka. Wiki ya pili mkate na wali. Wiki ya tatu maziwa. Baada ya hapo mambo yakawa ya kuchekesha kweli. Yai anakula kiini tu, ute napewa mimi. Kabichi anabandua majani ya nje ya kijani, ya ndani anayasukuma pembeni. Vitunguu saumu, uyoga, vyote vikafukuzwa. Mama akamuuliza Redio, "Wifi, na meno yako je?"

"Meno siyali," Redio akasema.

Sasa sikilizeni kosa ambalo sidhani kama nyumba nyingine ingelifanya. Sisi ni mafundi wa nguo. Kwetu kitu kikitaka kujulikana kinapimwa kwa tepu, habari imekwisha. Kila Jumamosi baba anajipima kiuno, anaandika kwa chaki ukutani. Arobaini na mbili. Arobaini na moja. Arobaini. Kila namba ikishuka anaipigia mstari, anaita watu. Suruali zake akazipunguza mwenyewe, anashona anaimba. Mtaa mzima ukapita kutazama ule ukuta. "Fundi umekuwa kijana," wanamwambia, na yeye anageuka taratibu ili wamwone na mgongo.

Mimi mwenyewe nilifurahi. Siwezi kuwadanganya. Baba akifurahi karakana nzima inafurahi.

Ila alianza kuhema. Na mchana akikaa hataki kuinuka.

Hapo ndipo ikaja kazi ya zahanati, makoti ishirini na sita ya manesi. Meupe yote. Karakana ikajaa kitambaa cheupe mpaka kwenye ngazi, na baba katikati anashona kile kile anachokikimbia mezani.

"Usije ukakilamba," mama akamwambia.

Nesi aliyekuja kujaribishwa koti la kwanza alikuwa mfupi, mnene, mwenye kicheko cha kutingisha vifungo. Baba akamzungushia tepu, akasoma namba, akatikisa kichwa kwa huruma.

"Sista, samahani lakini. Ungeacha vitu vyeupe."

"Vipi hivyo, fundi?"

Akamwelezea. Sukari, chumvi, unga, magoti ya dada yake, ukuta. Nesi akasikiliza mpaka mwisho.

"Mimi toka alfajiri nazunguka wodi, juu chini," akasema, "na sijakaa. Wewe umeinama mara moja kunipima urefu, umeinuka kwa kushika meza."

"Ni umri huo."

"Sawa. Malizia pindo basi."

Baba akapiga magoti, akaweka pini nne kwenye pindo. Ya tano hakuiweka. Akainuka, akasimama kama mtu anayesikiliza kitu cha mbali, halafu akakaa juu ya rundo la makoti, taratibu, kama vile hakukusudia.

Nesi alikuwa ameshamshika mkono. "Fundi, unatumia dawa yoyote?"

"Ya presha," mama akajibu.

"Nilikuwa natumia," baba akasema.

Pasi ya mama ikasimama. "Ulikuwa?"

Baba akatazama chini. "Vidonge ni vyeupe," akasema kwa sauti ndogo.

Jamani. Wiki sita. Kila asubuhi alikuwa anachukua kidonge mbele yetu, anakwenda nacho dirishani na kikombe, na kukitumbukiza kwenye kopo la vifungo. Tulilikuta kopo baadaye. Vidonge na vifungo vya mashati, huwezi kutofautisha mpaka utie jicho karibu.

Mama hakupiga kelele. Alichomoa pasi, akavaa viatu, akamshika mume wake mkono wa kushoto, nesi mkono wa kulia na koti lake la pini, tukavuka barabara.

Nesi akampima. Akaandika namba, akaitazama, akampima mkono wa pili. Daktari akaja akampima tena baada ya baba kupumzika nusu saa. Namba haikutaka kushuka. Akamwambia baba kwa upole, bila kumtisha, kwamba akiendelea hivi kinachofuata kinaweza kuwa kiharusi, na kiharusi kikija hakichagui, kinaweza kuchukua mkono ule ule unaoshika mkasi. Dawa aanze leo, kesho asubuhi arudi kupimwa.

"Nitameza nyumbani nikishakula," baba akasema.

Namjua baba yangu. Hayo ni maneno anayowaambia wateja wa Ijumaa wanaofuata nguo ambazo hata hajazigusa.

Kweli, tulivyorudi akala, akafuta mdomo, kidonge kiko mezani, hakiguswi. Redio alishasikia, kaja mbio. Mama kakaa kwenye kiti cha wateja, macho mekundu.

"Nitafikiria," baba akasema. "Sijakataa. Lakini mtu mwenyewe si najijua?"

Sasa, kuna kitu kimoja lazima niwaambie kuhusu kazi yetu. Baba hapokei nguo ya kurekebisha mpaka kaigeuza ndani nje. Zamani aliwahi kupokea suti nzuri sana ya mtu, kapunguza mikono, kumbe bitana, kile kitambaa cha ndani, imeoza yote. Siku mwenye suti anaivaa, bitana ikachanika, lawama zikaja kwetu. Toka siku hiyo ni sheria. Hata uwe mkubwa wa namna gani, koti lako litapinduliwa mbele yako. Nguo inapendeza kwa nje, lakini inasimama kwa bitana ambayo huioni.

Nikavuta meza ya kukatia katikati ya chumba.

"Baba," nikasema, "leta maneno yako hapa. Tunayapindua."

"Maneno gani?"

"Unayoyasimamia. Moja moja. Usipotaka, kuanzia kesho napokea nguo za watu bila kuzigeuza."

Akanikodolea macho. Kisha nikaona mdomo wake unataka kucheka. "Haya. Kiuno kimepungua, kwa hiyo naendelea vizuri."

"Hiyo ni ya nje. Ndani kuna nini? Ili hilo neno lisimame, kuna neno lingine hujalisema. Kwamba kila anayepungua kiuno anaendelea vizuri."

"Si ndivyo?"

Mama akanyanyua kichwa. "Yule mteja wa suti ya kijivu. Suruali yake tuliipunguza mara ngapi?"

Baba akaanza kuikunja tepu yake.

"Mara ngapi, mume wangu?"

"Mara tatu."

"Alikuwa anaendelea vizuri?"

"Tulimzika nayo," baba akasema.

Nikaendelea, maana mimi nikianza kitu siwezi kukaa. "La pili."

"Najisikia vizuri. Presha ingekuwa juu ningeisikia."

"Ndani yake kuna kwamba presha lazima ipige hodi. Leo asubuhi kabla hujapiga magoti, ulisikia nini?"

"Sikusikia kitu."

"Na ile mashine ya zahanati ilisemaje?"

Redio akaona kaka yake anazama, akaruka kumwokoa.

"Na magoti yangu je? Haya, yapindueni na hayo. Mwezi wa tatu nimeacha vyeupe, mwezi wa tatu magoti yamepona. Hapo kuna bitana gani?"

"Kwamba mwezi wa tatu hakuna kingine kilichobadilika, shangazi."

"Hakuna."

Mama alianza kutetemeka mabega. Nikadhani analia. Kumbe kicheko.

"Wifi," akasema, "mwezi wa tatu si ndiyo ulihama?"

Redio akafungua mdomo.

"Ulikuwa unakaa ghorofa ya nne. Ngazi sitini na sita, kupanda na kushuka. Sasa unakaa chini, mlango kwa mlango na duka. Kabati lako tulilibeba sisi."

"Bega langu bado linakumbuka," nikasema.

Redio akafunga mdomo. Akaufungua tena. Hakikutoka kitu.

"Imezimika," baba akasema, na hapo akaanza kucheka. Alicheka mpaka akajishika kile kiuno chake kipya, mama anacheka, mimi nimelala juu ya meza, na Redio mwenyewe akashindwa, akacheka kuliko sote, anajipiga magoti yake mazima.

"Lakini weupe," akasema akifuta machozi. "Sukari nyeupe, chumvi nyeupe, hilo mtasemaje?"

"Ile sukari ya rangi ya udongo, ukila bakuli zima kila siku?" nikamuuliza.

Akafikiria. Nampendea hilo, Redio ukimuuliza swali analifikiria kweli. "Itanimaliza," akasema.

"Na maji ya mvua meupe?"

"Hayana rangi hayo, usinichezee. Lakini nimekuelewa. Siyo rangi."

Baba alishachukua kidonge. Alikiweka katikati ya kiganja, akakigeuza juu, akakigeuza chini, kama kifungo anachotafutia tundu.

"Na hiki ndani yake kuna nini?" akaniuliza.

"Sijui, baba. Mimi siyo daktari. Ila hicho kimepimwa kwa mashine ya presha, siyo kwa tepu."

Akakimeza. Mama akamwambia afungue mdomo aone, akafungua, kama mtoto, na akatoa na ulimi kwa nyongeza.

Sasa msidhani mimi ndiye mjuaji wa hadithi hii. Kesho yake jioni, baba alishapimwa asubuhi na namba imeanza kulegea, mimi kwa furaha nikaenda kununua furushi la viazi vya kukaanga na nyama, mafuta yanachuruzika, chumvi juu kama vumbi la chaki. Nikaweka mezani. Yule nesi alikuwa pale kumaliziwa pindo la koti lake.

"Za nani hizi?"

"Za baba. Si ameshaanza dawa?"

Mama hakugeuka hata kutoka kwenye pasi. "Pindua," akasema.

Nikasimama na furushi langu. Nikapindua. Ndani kulikuwa na kwamba mtu akimeza dawa amekata leseni ya kula chochote. Sikumbuki nani aliniambia hivyo. Hakuna aliyeniambia, nilikuwa na wazo hilo tu, limeshonewa ndani.

"Dada yake fundi alikosea sababu," nesi akasema, "lakini kwenye chumvi alipatia. Mtu anaweza kupita njia mbovu akafika mahali pazuri. Usiseme kwa kuwa njia ni mbovu, basi na mahali pale ni pabaya."

Hata hiyo nikaona ni bitana nyingine. Zinaisha lini hizi, nikajiuliza, huku nakula viazi vyangu nje ukutani peke yangu.

Mwezi umepita. Namba ya baba imeshuka inakotakiwa. Wali umerudi, kidogo, maziwa yamerudi, mayai anakula mazima. Anatembea na mama kila jioni mpaka mwisho wa barabara na kurudi, na wakirudi wanabishana nani alichoka kwanza. Jora anabeba mwenyewe. Makoti ishirini na sita tuliyapeleka Jumatatu, manesi wakayavaa papo hapo, wakatoka nje ya zahanati kujionyesha, barabara nzima ikawa nyeupe, na Redio akasimama mlangoni kwake anawapigia vigelegele.

FUNZO

Ndugu zangu, sitazunguka. Mtu akikwambia "nilikula hiki nikapona," anaweza kuwa mkweli kabisa na bado akakuua. Redio hakudanganya hata neno moja. Magoti yalipona. Tatizo halikuwa kwenye aliyoyasema, lilikuwa kwenye asiyoyasema, ambayo hata yeye hakujua kama yamo ndani.

Kwa hiyo ukiletewa neno la afya, liwe kwenye simu, kwenye karatasi au mdomoni mwa unayempenda, kabla hujalivaa ligeuze. Jiulize, ili hili liwe kweli, ni kitu gani kingine lazima kiwe kweli? Kwamba hakuna kingine kilichobadilika? Kwamba kilichomfaa yeye kinanifaa mimi? Kwamba kupungua ni kupona, au kutosikia maumivu ni kuwa mzima? Ukikuta bitana imeoza, irudishe nguo kwa mwenyewe kwa adabu. Na dawa ya hospitali usiiache kwa hoja ya mtu, hata hoja yako mwenyewe, mpaka umekaa mbele ya aliyekuandikia na kumuuliza. Kuuliza hakuna aibu. Aibu ni kopo la vifungo.

Niliyaandika haya jana, nikamsomea mama akiwa anakunja mashati. Alisikiliza yote.

"Yamekaa vizuri," akasema. "Kwa hiyo watu wakiyasoma hawatameza tena kila wanachoambiwa."

"Ndiyo, mama."

"Pindua."

Nikapindua. Ndani kulikuwa na kwamba anayesoma anaelewa, na anayeelewa anabadilika. Baba alielezwa na daktari miaka miwili mizima, kwa maneno mazuri kuliko haya yangu.

"Sasa nisiwaambie?" nikauliza.

"Waambie. Halafu nenda ukakae nao mezani, uwe unawauliza, kama ulivyofanya kwa baba yako."

Akabeba mashati yake, akanipa mgongo, akapanda zake ngazi.